Picha za kweli za watu ambao mchoraji hakuwaona

Kuna binti mmoja nimemhifadhi kwenye simu yangu tangu mwezi wa pili, na kila nikipata nafasi namfungua namwangalia. Amesimama peke yake, nywele ndefu kaziachia zinapeperuka, mkononi kashika mkuki, kiunoni kuna mnyororo na upanga umening'inia, na mwili mzima kuanzia shingoni mpaka miguuni ni maua matupu. Siyo nguo ya maua, hana nguo hata moja, ni maua yamechorwa kwenye ngozi yenyewe, makubwa na madogo, kila ua na umbo lake. Mtu wa pwani ukimwona tu unajua akili inaenda wapi. Inaenda kwa bi harusi, kwa hina na piko.

Huyu binti sio wa pwani wala sio wa India. Maelezo yake yanasema ni binti wa Wapikti, watu wa kale kabisa wa kisiwa cha Uingereza, upande wa kaskazini ambao leo ni Uskoti. Amechorwa kwenye bamba la shaba na kuchapishwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1590, na kitabu chenyewe hakihusu Uingereza kabisa, kinahusu Virginia, Amerika. Hapo ndipo nilipokwama, maana nilikuwa naangalia picha za wenyeji wa Amerika, vijiji vyao, mitumbwi yao, wanavyochoma samaki, nafika mwisho wa kitabu naona ghafla Waingereza wa kale wako uchi wamechorwa mwili mzima na mmoja kashika kichwa cha mtu kinachuruzika damu. Nikajiuliza hawa wamefikaje humu?

Nimesoma nilivyoweza, usiku baada ya kazi, na leo nataka niwasimulie vizuri kwa sababu kila nikimwelezea mtu kwa mdomo naishia katikati.

Nianze na shaba, kwa sababu mi nimekulia kwenye kazi inayofanana nayo. Baba yangu alikuwa anachonga mihuri ya mpira. Kabla ya kompyuta kuingia mtu alikuwa anamletea karatasi imeandikwa jina la duka au la shule, na baba anakaa na wembe na kipande cha mpira, anaandika jina zima kinyumenyume, herufi zinaangalia kushoto, ili ukigonga kwenye karatasi lisomeke sawasawa. Mpaka leo nikiona herufi zimegeuka nazisoma haraka kuliko zilizonyooka. Kwenye muhuri unakwangua kile usichokitaka, kinachobaki juu ndicho kinachoshika wino. Kwenye bamba la shaba ni kinyume chake kabisa. Mchongaji anachukua kichuma chenye ncha kali, anasukuma kama mtu anayelima, kila mstari ni mfereji mwembamba, kisha anapaka wino bamba zima, anafuta juu mpaka shaba inang'aa, wino unabaki ndani ya mifereji tu. Halafu karatasi inalowanishwa kidogo iwe laini, inalazwa juu ya bamba, vyote vinapitishwa kati ya magurudumu mawili yanayobana, fikiria mashine ya juisi ya miwa, na karatasi inazama mle kwenye mifereji inavuta wino. Ndiyo maana ukishika karatasi ya namna hiyo mistari unaihisi kwa kidole, imenyanyuka. Na picha inatoka imegeuka, kulia kushoto, kwa hiyo mchongaji akisahau kugeuza, askari wote wanakuwa wa mkono wa kushoto.

Sasa muangalie faida yake. Herufi za maandishi zinachapwa kwa mashine nyingine, zile za madini ya risasi zilizonyanyuka juu, na bamba linapita kwenye mashine yake. Kwa hiyo maandishi unaweza kubadilisha, picha zikabaki zilezile. Na jamaa aliyechapisha kitabu hiki ndivyo alivyofanya, mwaka huohuo 1590 alitoa kitabu kimoja kwa lugha 4, Kilatini, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, picha ni zilezile. Yaani binti wetu wa maua alisomwa kwa lugha 4 kwa mpigo. Enzi hizo! Mabamba hayakuwa ya bei ndogo, kila moja limekula siku za watu, na ukitaka yarudishe hela inabidi uuze nchi nyingi.

Huyo jamaa ni Theodor de Bry. Alizaliwa Liège mwaka 1528, ukoo wa masonara, na ukijua hilo unaelewa mkono wake, maana sonara na mchongaji wa shaba wanashika zana zilezile. Alikuwa Mprotestanti enzi ambazo kwao hilo lilikuwa la hatari, akahamia Strasbourg, baadaye Antwerp, baadaye London, na mwaka 1588 akatulia Frankfurt na wanawe wawili, Johann Theodor na Johann Israel, ambao nao walishika kazi ya baba. Hakuvuka bahari kwenda Amerika hata siku moja. Naomba hilo mlikumbuke mnaposoma huku chini. Mtu ambaye sura ya Amerika kwenye vichwa vya watu wa Ulaya kwa miaka mingi ilitoka mikononi mwake hakuikanyaga.

Lakini hakuitunga tu kichwani, na hapa nataka nimtendee haki. Alipokuwa London alikutana na Richard Hakluyt, mtu aliyekuwa anakusanya habari zote za safari, na huyo ndiye aliyemsukuma. Kulikuwa na msafara wa Waingereza uliotumwa na Walter Raleigh mwaka 1585 kwenda kisiwa cha Roanoke, na ndani yake walikuwemo watu wawili muhimu sana, Thomas Harriot, mtaalamu wa hesabu aliyejifunza lugha ya wenyeji kutoka kwa Manteo na Wanchese, vijana wawili waliokuwa wamepelekwa London, na John White, mchoraji. White alichora kwa rangi za maji, amekaa palepale, anawaona watu kwa macho yake. Kazi zake zipo mpaka leo British Museum na mtu yeyote anaweza kuziona kwa intaneti, na naomba mziangalie. Zina utulivu fulani. Mama na mtoto wake wa kike, mtoto kashika mwanasesere aliyevaa kama mwanamke wa Kiingereza, bila shaka zawadi ya wageni. Mzee kajitanda ngozi. Mume na mke wamekaa chini wanakula sahani moja. Ni watu kabisa, ungewapita barabarani ungewasalimia.

De Bry alichukua karatasi za White akazigeuza kuwa shaba, na njiani mambo yakabadilika. Nyuso zikawa za Kizungu zaidi. Misuli ikatokeza kama ya masanamu ya Kigiriki. Nyuma ya watu zikaongezwa mandhari, mito, mitumbwi, watu wadogowadogo wanavua samaki. Wakati mwingine mtu mmoja wa White akawa wawili, mmoja anaonyesha mbele mwingine mgongo. Sidhani alikuwa anadanganya, alikuwa anafanya kile mteja wa kitabu anachokitegemea, na shaba nayo ina tabia yake, inapenda mistari inayozunguka mwili, inapenda mikunjo na vivuli. Ukimpa shaba mtu aliyekonda atarudi kanenepa.

Haya, sasa Wapikti. Mwisho wa kitabu de Bry kaweka kama nyongeza, picha 5, Wapikti 3 na majirani zao 2. Anasema mchoraji wa zile picha za Virginia ndiye aliyempa, na kwamba yule mchoraji alizikuta kwenye kitabu cha kale cha historia ya Uingereza. Na anasema wazi kwa nini kaziweka, ili kuonyesha kwamba wenyeji wa Uingereza zamani walikuwa washenzi sawasawa na wale wa Virginia. Nilisoma hiyo sentensi nikasimama kabisa, nikaenda kunywa maji.

Maana fikiria nani anasema, lini, na kwa nani. Mwaka 1590, Waingereza ndio kwanza wanajaribu kuchukua ardhi ya watu ng'ambo, kitabu chenyewe ni cha kuvutia wawekezaji na walowezi, na ndani yake mtu anaweka picha ya babu wa babu zao kashika kichwa cha mtu. Sijaona mara nyingi kitu kama hicho. Sisi tumezoea kusoma maandishi ya wageni ambamo mwenyeji ni mshenzi na mgeni ni mstaarabu tangu siku anazaliwa. Hapa kuna mtu anakiri, na sisi tulikuwa hivyohivyo. Kuna undugu ndani yake, nakubali, na ulinigusa.

Lakini nikaisoma tena kesho yake nikaona upande wa pili. Kama Mpikti alikuja kuwa Mwingereza, ni kwa sababu Warumi walikuja wakamtawala, hivyo ndivyo msomaji wa 1590 alivyoelewa mambo. Kwa hiyo mtu wa Virginia naye ni Mwingereza ambaye bado hajatawaliwa. Undugu uleule unageuka kuwa hoja ya kwenda kumtawala. Picha moja inasema "ni kama sisi" na papo hapo inasema "basi tumfanye awe kama sisi". Mi sijaweza kuchagua moja, naona zote mbili zipo kwenye shaba ileile.

Sasa huyu Mpikti mwanaume tumkague kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Maelezo yake yanasema nywele ndefu mpaka mabegani, ndevu kanyoa kabaki na masharubu. Kifuani kichwa cha ndege. Tumboni uso wa kutisha wenye miali inayoshuka mpaka mapajani. Magotini nyuso za simba, miguuni kama magamba ya samaki, mabegani vichwa vya wanyama wa hadithi, mikononi nyoka wamejizungusha. Shingoni pete ya chuma, kiunoni pete nyingine ya chuma. Kashika ngao na mkuki, na kwenye mnyororo unaning'inia upanga uliopinda ambao maelezo yenyewe yanauita upanga wa Kituruki.

Upanga wa Kituruki! Uskoti ya kale na Waturuki wapi na wapi. Ni kwamba mwaka 1590 Mturuki ndiye aliyekuwa adui mkubwa kwenye vichwa vya watu wa Ulaya, kwa hiyo ukitaka kuchora mtu wa kutisha wa mbali unampa upanga wake.

Vitu vingine vina asili yake na unaweza kuifuata. Masharubu na nywele ndefu ni za Julius Caesar, yeye aliandika kuhusu watu aliowakuta kisiwani, safari yake ya mwaka 54 kabla ya Kristo, akasema wanajipaka rangi ya bluu, wananyoa mwili wote isipokuwa kichwa na mdomo wa juu. Pete za chuma shingoni na kiunoni ni za Herodian, mwanahistoria aliyeandika kwa Kigiriki karne ya 3, yeye ndiye aliyesema wanajichora wanyama wa kila aina mwilini na kwamba hawavai nguo ili michoro isifichike. Jina Wapikti lenyewe linaonekana kwa mara ya kwanza kwenye maandishi ya Kirumi mwaka 297, na kwa Kilatini linasikika kama "waliochorwa". Yaani kati ya Caesar na hilo jina kuna miaka 350 hivi, na Caesar alikuwa anaongelea watu wa kusini, mbali kabisa na Uskoti. Na mpaka kitabu kinachapwa ni miaka zaidi ya 1,200 mingine. Halafu maelezo ya de Bry yanasema Wapikti waliishi sehemu ambayo sasa inaitwa Uingereza, England yenyewe, wakati makao yao ni kaskazini. Hivyo vyote vimeshonwa kwenye mwili mmoja, sharubu la huku, pete ya kule, upanga wa mwaka juzi, na bamba limechongwa kwa mkono imara kiasi kwamba huoni mshono.

Na kuna kitu kimoja shaba ilikipoteza. Kwenye picha ya White yule shujaa ana rangi ya bluu mwilini. Shaba haina bluu, ina wino mweusi na karatasi. Kwa hiyo kivuli cha msuli ni mistari na mchoro wa kwenye ngozi nao ni mistari, na mchongaji inabidi atenganishe, hii mistari ni mwili na hii mistari ni rangi juu ya mwili. Angalia goti lenye uso wa simba ukuze kwenye simu, utaona jinsi simba anavyovimba pamoja na goti. Baba yangu angeiona angekaa kimya muda mrefu, ndivyo alivyokuwa akiona kazi ya mtu mwingine ambayo ni nzuri.

Turudi kwa binti wa maua, maana yeye hakutoka kwa White. Ipo picha yake ya rangi, ndogo sana, ipo Yale kule New Haven, Marekani, na kwa muda mrefu watu walisema ni ya White, sasa wanasema ni ya Jacques Le Moyne de Morgues. Huyu alikuwa Mfaransa, Mprotestanti kama de Bry, alikwenda Florida mwaka 1564 na Wafaransa wenzake, mwaka uliofuata Wahispania wakawavamia ngomeni na yeye alikuwa mmoja wa wachache waliotoroka. Akaishia London, akafa 1588, na de Bry akanunua michoro yake kutoka kwa mjane wake. Nikaunganisha mambo mawili nikahisi moyo unaenda mbio. La kwanza, huyu Le Moyne kule Florida aliwaona Watimukwa, wenyeji wa huko, ambao viongozi wao walikuwa wamechanjwa michoro mwili mzima, kwa hiyo mwili uliochorwa kwake haikuwa hadithi ya Caesar, aliuona. La pili, alikuwa mchoraji wa maua. Maua ndiyo yalikuwa kazi yake kubwa London, mwaka 1586 alitoa kitabu kizima cha mimea na wanyama.

Kwa hiyo binti wa Kipikti ni nani? Ni wazo la Florida, limevalishwa maua ya bustani ya London, likapewa jina kutoka Roma. Na kwenye hayo maua kuna tulipu. Tulipu ililetwa Ulaya magharibi kutoka kwa Waturuki karne hiyohiyo ya 16, mama yake Le Moyne alipokuwa msichana hakuna ua kama hilo kwenye bustani za jirani. Binti wa kale kabisa anavaa ua jipya kabisa mjini.

Juu ya picha kumeandikwa kwamba ni picha ya kweli. Picha ya kweli ya Mpikti mmoja, picha ya kweli ya mwanamke wa Kipikti, na hivyohivyo mpaka kwa binti. Kwenye Kiingereza cha kitabu neno "kweli", yaani "true", limeandikwa na u mbili, maana de Bry na Kiingereza hawakuelewana sana. Hilo neno ndilo linalonisumbua. Kwa sababu picha za Virginia mbele kidogo, kitabu kilekile, zile zimetoka kwa mtu aliyekaa na watu na kuwachora, na hizi zimetoka kwa maneno ya Warumi na bustani, na mkono uliochonga ni wa karakana ileile, mistari ni ileile, karatasi ileile, heshima ileile. Msomaji wa Frankfurt angetofautisha kwa kutumia nini? Hana kitu. Akiamini ya kwanza ataamini ya mwisho, na pia ubaya wake unarudi nyuma, yule mama wa kweli na mtoto wake mwenye mwanasesere wanaanza kuonekana kama watu wa hadithi kwa sababu wamewekwa pamoja na watu wa hadithi.

Na walikopiwa. Mwaka 1611 John Speed alipotoa ramani zake kubwa za Uingereza pamoja na kitabu cha historia, Wabritoni wa kale waliochorwa mwili wamo, na kwenye ukurasa wa kwanza wa ramani kasimama Mbritoni juu kabisa katikati, juu ya Mrumi, Msaksoni, Mdenishi na Mnormani. Kutoka nyongeza ya kitabu cha Virginia mpaka mlangoni mwa taifa zima ndani ya miaka 21. Baada ya hapo nani atauliza tena kama mchoraji aliwaona.

Naomba niseme kidogo kuhusu kwetu kwa sababu wachongaji wa Ulaya enzi hizo walipita na huku. Mwaka 1572 Braun na Hogenberg walichapisha Cologne kitabu cha miji ya dunia, na ukurasa mmoja una Aden juu, na chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala. Vijumba vimebanana, vimechongwa safi kabisa, na wachapaji wenyewe hawakufika. Na familia ya de Bry, ule mfululizo wao wa safari za mashariki ulianza na Kongo, toleo la Kilatini ni la mwaka 1598, kutoka kwenye simulizi za Mreno Duarte Lopes zilizoandikwa na Filippo Pigafetta. Zile nazo nitaziandikia siku yake, zinahitaji nafasi. Nazitaja tu mjue ni karakana ileile, na ukishajua walivyomtengeneza Mpikti unaanza kuangalia Mkongo wao kwa jicho lingine.

Kitu kilichoniuma zaidi ni hiki. Wapikti walijichora wenyewe. Sio kwenye ngozi, hilo hatuna, ila kwenye mawe, na mawe yapo. Kuna jiwe la Hilton of Cadboll, la karibu mwaka 800, liko kwenye makumbusho ya taifa Edinburgh. Juu yake kuna mwanamke amepanda farasi, amekaa upande, kavaa nguo yenye mikunjo, kifuani ana bizimu kubwa, chini yake mbwa wanafukuza paa, kuna watu wanapiga tarumbeta, na pembeni wamechonga kioo na kitana. Kioo na kitana! Mwanamke wa heshima zake na vitu vyake vya kujipambia, amechongwa na watu wake waliomjua. Kavaa. Yuko kwenye farasi. Wala hana kichwa cha mtu mkononi.

Na lile jiwe mwaka 1676 mtu mmoja akalikwangua upande wa pili wote, akaondoa michoro ya zamani, akaandika kaburi la mtu na wake zake. Wakati huo picha za Speed na za de Bry zimo kwenye maktaba za wenye hela. Yaani ushahidi wenyewe umelala shambani unakwanguliwa, na ndoto ya Frankfurt iko kabatini imejalidiwa kwa ngozi. Sina la kuongeza hapo, mi nilifunga laptopu nikalala.

Sasa kilichonifanya niandike leo badala ya kuendelea kusoma. Wiki iliyopita nilikwenda Tanga kwa shangazi yangu. Yeye ni mpaka hina, anachora mabibi harusi tangu mi sijaanza shule, mikono yake ina weusi ambao hautoki tena. Nikamwonyesha binti kwenye simu. Akavaa miwani, akainyanyua simu akaiweka karibu na dirisha, akaanza kutembeza kidole, polepole, ua kwa ua, kama anavyokagua kazi ya wasichana anaowafundisha. Nikamsomea maelezo nikimtafsiria, yanasema mabinti wa Wapikti walikuwa wanajichora maua ya kila aina, yale mazuri kuliko yote waliyoweza kuyapata, ili watofautishwe na wanawake wakubwa waliokuwa wanajichora simba na nyota.

"Walikuwa wanajichora?"

"Ndivyo alivyoandika shangazi, wanajichora wenyewe."

Akanirudishia simu akavua miwani. "Mwanangu, mkono wa kulia huuchori kwa mkono wa kulia. Na mgongo je? Mwili mzima hivi kwa piko ni siku mbili, tatu, na mtu amelala, halambi, hajikuni, analishwa kwa kijiko. Sasa huyu kasimama kashika mkuki. Aliyemchora yuko wapi?"

Nikaangalia tena. Nyuma ya binti kuna nchi pana, milima, hakuna mtu karibu yake. Nikafungua na zile nyingine 4, moja moja, nikiwa nimekaa palepale kwenye mkeka wa shangazi, nikitafuta mtu yeyote mwenye bakuli la rangi mkononi.